Kicheza muziki katika tovuti yangu kinamaliza bando la wasikilizaji kabla hawajabonyeza wimbo

Mwana wa Mkomani

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nina tovuti ndogo ambayo naandikia habari za mji wetu wa Amu (Lamu), na mwezi uliopita niliingiza ndani yake nyimbo 12 nilizozitoa katika kanda moja ya kaseti ya dakika 90, iliyokuwa ndani ya sanduku la marehemu nyanya yangu. Ni nyimbo za harusi: baadhi ni taarab ya udi na dumbaki, na nyingine ni vugo, pale wanawake wanapoimba huku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Kila wimbo una dakika 7 hivi. Nilizihifadhi kama MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde, kwa kuwa sikutaka sauti zile zipungue hata chembe, kisha nikaweka kicheza muziki cha bure ambacho huchora mawimbi ya sauti kwa rangi, maana kilinipendeza sana machoni.

Yamenikuta matatizo mawili. Shangazi yangu aliyeko Shela aliufungua ukurasa kwa simu, hakubonyeza wimbo wowote, akaiweka simu kando na kwenda kukuna nazi. Aliporudi alikuta ujumbe kwamba bando lake limekwisha. Tatizo la pili ni kwamba mtu akikivuta mbele kile kidude cha duara ili aruke beti za mwanzo, wimbo hurudi kwenye sekunde ya sifuri na kuanza upya, iwe ni kwenye simu au kwenye kompyuta. Faili zangu ziko katika seva ya kukodi, nazo hupitia programu fupi niliyoiandika mwenyewe kwa PHP, lugha ya programu za seva, ili kuhesabu wasikilizaji. Nimefikiria kuhamia kwenye utiririshaji wa Icecast, kama redio za intaneti zifanyavyo. Je, hiyo ndiyo njia?

Fundi wa Langoni

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Icecast si dawa ya maradhi haya. Kazi yake ni kurusha matangazo yanayoendelea, ambapo wote waliounganishwa husikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anayechelewa huingia pale alipowakuta wenzake; hakuna kuchagua wimbo wala kurudi nyuma. Ungekuwa unataka kurusha Maulidi moja kwa moja ili walioko ng'ambo wasikilize, ningekuambia uitumie. Wewe una nyimbo 12 ambazo kila mtu atazichagua kwa wakati wake, na hilo linahitaji faili za kawaida tu zilizowekwa vizuri.

Nianze na bando la shangazi. Kicheza muziki cha aina hiyo hakiwezi kuchora mawimbi kabla ya kujua sauti inapanda wapi na kushuka wapi, na ili kijue hilo, hulipakua faili zima na kulipima mwanzo hadi mwisho, hata kama hakuna aliyebonyeza kitufe. Sasa piga hesabu: kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 7 ni karibu megabaiti 17, na nyimbo 12 ni kama megabaiti 200. Kiasi hicho chote kiliingia katika simu yake alipokuwa jikoni, kwa ajili ya picha ambayo hakuitazama. Vicheza vya namna hii huruhusu vipimo vya mawimbi kuandaliwa mapema na kuwekwa katika faili dogo, lakini mimi ningekiondoa kabisa. HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ina alama yake iitwayo audio, ambayo kivinjari huionyesha pamoja na kitufe cha kuchezea, mstari wa muda na kidhibiti cha sauti bila kuongeza programu yoyote. Iandikie controls ili vitufe vionekane, na preload yenye thamani none, ambayo hukiomba kivinjari kisichukue chochote mpaka mtu abonyeze. Kwa kuwa urefu wa wimbo hautaonekana kabla ya kubonyeza, uandike wewe mwenyewe kando ya jina la wimbo, pamoja na uzito wa faili. Watu wetu hununua bando la siku au la saa, na mtu akiona "dakika 7, megabaiti 3.4" huamua mwenyewe kama atasikiliza sasa au atasubiri afike penye Wi-Fi.

Utazipataje hizo 3.4? Kanda ya harusi iliyorekodiwa kwa kipaza sauti kimoja haina upande wa kushoto na wa kulia; ni sauti ileile iliyowekwa mara mbili. Igeuze iwe ya mkondo mmoja, kisha uihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Mvumo wa kanda wenyewe ni mkubwa kuliko kitakachopotea hapo. Nimefanya hivyo kwa kanda za baba yangu na nikazisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni usiku, mji umetulia. Sauti ya kijiti ikigonga pembe bado ilikuwa kavu na ya karibu kama ilivyo kwenye kanda. Nyimbo zako zote zitashuka kutoka megabaiti 200 hadi 40 hivi. Opus, namna nyingine ya kubana sauti, ingeshuka chini zaidi kwa ubora uleule, ila iPhone za zamani haziichezi ikiwa ndani ya faili la aina ya Ogg, kwa hiyo ukiitumia weka vyanzo viwili ndani ya alama moja, Opus kwanza na MP3 baadaye, na kivinjari kitachukua cha kwanza kinachokiweza.

Lakini nakusihi, usigeuze MP3 zako za 320 kuwa za 64. Rudi kwenye kaseti yenyewe, inyonye upya kama WAV au FLAC, aina za faili zisizopoteza sauti kama MP3, uihifadhi nakala hiyo katika diski mbili tofauti, na hizo ndogo uzitoe humo. Utepe wa kaseti uliokaa katika hewa yetu ya chumvi hautakusubiri miaka mingine 10.

Kuhusu wimbo kurudi mwanzo, kosa liko katika ile programu yako ya kuhesabu. Mtu anapokivuta kidude mbele, kivinjari huiomba seva kipande kuanzia baiti fulani, na seva inayofahamu hujibu kwa namba 206, yaani imetoa sehemu. Programu za seva kama Apache na Nginx hufanya hivyo zenyewe kwa faili za kawaida. Wewe umeweka PHP katikati, nayo hujibu 200 kila mara na kulimwaga faili lote kuanzia baiti ya kwanza. Fungua zana za wasanidi ndani ya kivinjari, vuta kidude, na utaiona 200 hiyo kwa macho yako. Elekeza alama ya audio kwenye faili lenyewe, na wasikilizaji uwahesabu katika kumbukumbu za seva.

Mkaazi wa Malindi

Naungana na Fundi, nami nina nyongeza fupi. Kama gharama ya seva inakulemea, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, huhifadhi sauti bila malipo: unapakia WAV, yenyewe hutengeneza MP3, na hukupa msimbo wa kukiingiza kicheza chake katika ukurasa wako. Vicheza vya SoundCloud na YouTube huingizwa hivyohivyo, ila mimi niliviacha kwa sababu wimbo wangu ulipokwisha, msikilizaji alipendekezewa nyimbo ambazo hazina uhusiano wowote na nilichoandika.

Jambo jingine ni kwamba alama za audio hazizuiani. Mtu akibonyeza wimbo wa pili wakati wa kwanza unaendelea, zote mbili zitalia pamoja. Andika mistari michache ya JavaScript ambayo kila wimbo mmoja unapoanza, inaisimamisha mingine yote. Wala usihangaike kuufanya wimbo uanze wenyewe ukurasa unapofunguka; Chrome imekuwa ikizuia sauti za namna hiyo tangu 2018, na ni heri, kwani mtu anaweza kuufungua ukurasa wako akiwa ndani ya msikiti.

Bi wa Shela

Mwanangu, nimesoma yote haya na nimefurahi kwamba mna hamu ya kuzitunza sauti hizi. Hakuna aliyekuuliza bado: walioimba katika kanda hiyo ni nani, na wanajua kwamba sauti zao ziko mbele ya ulimwengu mzima?

Vugo huimbwa na wanawake kwa wanawake. Kuna beti ambazo bibi harusi huimbiwa katika mkusanyiko wa wanawake peke yao, zenye mafunzo na zenye mizaha, ambazo hata mume wa mwimbaji hakupata kuzisikia. Aliyeweka redio ya kurekodia kwenye mkeka usiku ule aliirekodi familia kwa ajili ya familia. Sheria nayo ipo: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda tungo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, na tangu 2016 kuna sheria nyingine inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Lakini hata kabla ya sheria kuna heshima. Nenda nyumba kwa nyumba na simu yako, wasikilizishe waliobaki au watoto wao, na uulize. Wapo watakaokubali kwa furaha na kukutajia majina ya waimbaji wote, uyaandike chini ya kila wimbo. Wapo watakaokataa wimbo mmoja na kukuruhusu mwingine, na hao uwasikilize.

Mwana wa Mkomani

Nawashukuru nyote, na wewe mama hasa. Nimeondoa nyimbo zote tano za vugo tangu juzi usiku, na jana alasiri nilikwenda Shela kwa mashua nikiwa nazo katika simu. Shangazi alizitambua sauti tatu. Mbili kati ya nyimbo hizo amesema zisirudi kamwe. Nyingine mbili zitarudi baada ya kuzungumza na binti wa mwimbaji, ambaye yuko Mombasa. Na wa tano aliniruhusu hapohapo, kwa kuwa sauti inayoongoza ni ya dada yake, na aliyeitikia ni yeye mwenyewe.

PHP nimeiondoa, na sasa naiona 206. Wimbo huo mmoja nimeunyonya upya kutoka kwenye kaseti na kuuweka kwa kilobiti 64, megabaiti 3.4 kama Fundi alivyohesabu, na saba za taarab nitazirudia wiki hii. Shangazi alikivuta kidude mwenyewe hadi dakika ya nne, dada yake anapopokea, na wimbo ukaendelea kutoka hapo.