Bibi kala uyoga, katapika usiku, sasa anasema kapona. Nisubiri?

Kijana_wa_Mufindi: Wakuu, shikamooni. Jana bibi alichuma uyoga kwenye mipaina nyuma ya nyumba, akaunga karanga, wakala na mdogo wangu saa 2 usiku. Mimi uyoga siuli. Saa 10 alfajiri bibi akaanza kutapika na kuharisha maji matupu hadi mchana. Sasa katulia, kanywa uji. Anasema hauna sumu kwa sababu ulikuwa na funza, na kitunguu hakikubadilika rangi. Dogo alionja kidogo tu, anacheza.

Ngosha77: Maziwa fresh na mkaa wa jikoni. Kesho yuko shambani.

Tabibu_Mstaafu: Ngosha, utaua mtu. Kijana, hesabu masaa: kutoka kula hadi kutapika ni manane. Uyoga unaochafua tumbo tu kwa kawaida huanza ndani ya saa moja, mbili au tatu. Ukipita sita, hofia sumu inayokula ini. Na hiyo nafuu ndiyo mtego wake. Mgonjwa anakaa siku nzima au mbili akiwa mzima, huku ini linakufa kimyakimya. Macho yakigeuka manjano, mmechelewa. Kupika hakuitoi. Funza wanaula bila kudhurika, na kitunguu hakijui sumu.

Leo hii, hospitali kubwa yenye vipimo vya damu. Wapime ini, figo na sukari, wamtundike dripu. Wataje masaa hayo manane, maana wengi huandika "chakula kibaya" na kumrudisha mtu nyumbani na ORS. Dogo naye aende, hata kama anacheza.

MamaJunior: Beba na uyoga wenyewe, kwenye karatasi, siyo mfuko wa nailoni, utaoza. Na uchimbe, usiung'oe. Sisi tunaokula wa kichuguuni tunaujua kwa mzizi wake mrefu unaozama ardhini. Huo wa mipaina angalia chini ya shina.

Kijana_wa_Mufindi: Nimechimba. Mweupe wenye ukijani juu, mikunjo ya chini ya kofia myeupe, shina lina pete, na chini kabisa limekaa kwenye kitu kama ganda la yai lililopasuka.

Tabibu_Mstaafu: Ondokeni sasa hivi.

Kijana_wa_Mufindi: Mrejesho, siku ya pili. Wote wamelazwa. Vipimo vya ini vya bibi vimepanda, wanampa asetilisisteini, dawa ya kulinda ini, kwa dripu, na wanapima tena kila siku. Vya dogo bado viko sawa. Bibi anagombana na nesi, anataka aruhusiwe akapalilie mahindi.