Kauli taarifa katika Kiingereza: ni lini kitenzi hurudi nyuma, na ni lini hubaki kilivyo?

Msomaji wa Jioni

Salamu kwenu nyote. Ninajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza na nimekwama kwenye kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba kitenzi cha kutaarifu kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi cha maneno yanayotaarifiwa nacho hurudi nyuma hatua moja: “I am tired” huwa “He said that he was tired”, na “I will call you” huwa “He said that he would call me”. Jedwali lote nimelikariri.

Tatizo ni kwamba ninaposoma habari zilizoandikwa na wenye lugha yao, hukutana na sentensi kama “The doctor said that malaria is spread by mosquitoes”, ambamo kitenzi cha pili hakikurudi popote. Isitoshe, hata pale kanuni inapofuatwa sielewi maana inayopatikana. Mtu akiandika “She said that she was ill”, je, mama huyo alikuwa mgonjwa wakati anasema, au alikuwa ameshapona na anasimulia ugonjwa uliopita? Ningeomba nielezwe sababu yenyewe, kwa kuwa majedwali ninayo ya kutosha.

Mwanalugha

Ndugu Msomaji, jedwali lako halina makosa, ila linakuonyesha matokeo bila chanzo chake, na ndiyo maana linakuacha njiani mara tu unapokutana na sentensi halisi.

Katika kauli halisi, maneno ya msemaji hubaki kama alivyoyatamka, na alama za kunukuu huyalinda. Katika kauli taarifa alama hizo huondoka, na anayezungumza sasa ni yule anayetoa taarifa. Kila neno ambalo maana yake hutegemea nani anasema, lini na wapi, hupimwa upya kutoka pale aliposimama yeye. Ndiyo sababu “mimi” ya msemaji huwa “yeye”, na “hapa” pake huweza kuwa “pale”. Jambo hili hata sisi tunalifanya katika Kiswahili bila kufundishwa: aliyetamka “Ninaumwa” tunamtaarifu kwa kusema “Alisema anaumwa”, na nafsi imebadilika yenyewe.

Sasa tazama kilichobaki. Nafsi imebadilika, lakini “-na-” haikuguswa. Kiswahili huhesabu wakati wa kitenzi cha pili kuanzia pale kitenzi cha kwanza kilipotukia: “Alisema anaumwa” maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwapo wakati ule wa kusema. Kiingereza kwa kawaida hakihesabu hivyo. Chenyewe huhesabu kuanzia wakati wa mtoa taarifa, na kwa kuwa kutoka aliposimama yeye kusema kumepita, ugonjwa uliokuwapo wakati huo nao huwekwa katika wakati uliopita. Kwa hiyo “She said that she was ill” ni “Alisema anaumwa”. Alikuwa mgonjwa alipokuwa anasema. Ukitaka kueleza kwamba alisimulia ugonjwa uliokwisha kupita, yaani “Alisema alikuwa anaumwa”, Kiingereza kitakuhitaji urudi hatua nyingine: “She said that she had been ill”.

Ukiishika tofauti hii moja, sehemu kubwa ya makosa ya wazungumzaji wa Kiswahili utaikwepa. Mwanafunzi anayeandika “He told me yesterday that he is hungry” hajasahau kanuni. Anatafsiri “-na-” ya “aliniambia ana njaa” kama ilivyo. Vivyo hivyo kwa “atakuja” kugeuzwa “will come” pale panapotakiwa “would come”. (Wapo wanaofundisha kwamba hata katika Kiswahili “-ta-” sharti iwe “-nge-”, ili isemwe “alisema angekuja”. Mimi nikisikia hivyo husubiri sharti lifuate: angekuja kama nini? Lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.)

Tukija kwa malaria na mbu: daktari alisema zamani, lakini jambo alilolisema ni kweli hata leo. Mtoa taarifa anaweza kulipima kuanzia wakati wake mwenyewe na kulikuta bado lipo, hivyo akatumia wakati uliopo. Angeweza pia kuandika “was spread”, wala asingekosea. Hapa pana uhuru, na uhuru huo una maana yake. Anayeandika “He said that he is a pilot” kwa kawaida anachukulia kwamba mtu huyo ni rubani hadi sasa. Anayeandika “He said that he was a pilot” anamwachia msemaji dhamana ya maneno yake, na huenda anaamini au haamini. Kama unajua kwamba aliyosema si kweli, usithubutu kuacha wakati uliopo, kwa sababu utaonekana unamuunga mkono.

Kitenzi cha kutaarifu kikiwa chenyewe katika wakati uliopo, kama katika “She says that she is ill”, hakuna kinachorudi nyuma.

Viko pia vitenzi ambavyo havina pa kurudi. Wakati uliopita timilifu, yaani ule wa “had gone”, uko mwisho wa njia tayari. Vitenzi visaidizi “would”, “could”, “should”, “might” na “ought to” hubaki vilivyo. Sentensi za mambo ya kudhania hazibadiliki ila nafsi: “If I had wings, I would fly” huwa “She said that if she had wings, she would fly”. Na hata wakati uliopita wa kawaida haulazimiki kugeuka kuwa timilifu pale mfuatano wa matukio unapojulikana wazi. “He said that he was born in 1961” inatosha kabisa, kwani hakuna atakayedhani kwamba mtu alizaliwa wakati anazungumza.

Daftari Jekundu

Nashukuru kwa maelezo ya Mwanalugha. Naomba niongeze kuhusu maswali na amri, kwa kuwa humo ndimo wengi huanguka ingawa wakati wa kitenzi wameupatia.

Swali likishaingia ndani ya taarifa huacha kuwa swali, na mpangilio wake wa maneno hurudi kuwa ule wa sentensi ya kawaida. “Where do you live?” huwa “She asked me where I lived”. Kitenzi kisaidizi “do” hutoweka, alama ya kuuliza hutoweka, na mtenda hutangulia kitenzi. Kuandika “She asked me where did I live” ni kulitia swali zima ndani bila kulivua vazi lake. Swali la kujibiwa ndiyo au hapana huunganishwa kwa “if” au “whether”, ambayo ni “kama” yetu: “Aliniuliza kama nimekula” ni “He asked me if I had eaten”. Mahali pengi maneno hayo mawili hupokezana, lakini baada ya kihusishi, au mbele ya “to”, ni “whether” peke yake inayofaa: “He wondered whether to stay”.

Amri nazo hazihitaji kurudisha wakati wowote nyuma. Sisi husema “Aliniambia niondoke”, na kile kitenzi cha “niondoke” humshawishi mwanafunzi aandike “He told me that I leave”. Kiingereza hutumia “to” na shina la kitenzi: “He told me to leave”; na katika kukataza, “He told me not to leave”.

Kuhusu “say” na “tell”, Kiswahili kimekuwekea msaada mkononi. “Ambia” huhitaji anayeambiwa: nitasema “aliniambia” au “alimwambia”. “Tell” ya kutaarifu maneno ya mtu nayo hudai vivyo hivyo, kwa hiyo “He told that he was busy” ina pengo. “Say” hufanana na “sema”. Haimbebi msikilizaji moja kwa moja, na ukitaka kumtaja lazima utumie “to”. Anayeandika “He said me” na aifikirie kama “alinisema”, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Jihadhari vilevile na “suggest” na “explain”. Hatusemi “He suggested me to go”, bali “He suggested that I go” au “He suggested that I should go”. Na jambo huelezwa “to me”.

Msahihishaji

Nakubaliana na yote yaliyosemwa, lakini nataka kumkumbusha Msomaji kwamba amesema ana mtihani. Mtihani mwingi wa kugeuza sentensi humpa mtu mstari mmoja usio na muktadha wowote, na anayesahihisha hutaka kuona kama mtahiniwa anaijua kanuni. Uhuru wa kuacha wakati uliopo ni mzuri katika uandishi. Katika mtihani wa aina hiyo, rudisha nyuma kila kinachoweza kurudi, isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Badilisha pia maneno ya wakati: “tomorrow” iwe “the next day”, “yesterday” iwe “the day before”, na “now” iwe “then”.

Mwanalugha

Ushauri wa Msahihishaji una busara kwa mtihani wa mstari mmoja, na sitaupinga. Ninachokataa ni kuyabadilisha maneno ya wakati kama mtu anayebadilisha sarafu. Mtu akiniambia asubuhi “I will travel tomorrow”, nami nikakutaarifu jioni ya siku hiyohiyo, kesho yake ni kesho yangu, na nitasema “He said he would travel tomorrow”. Nikisema “the next day” nitakuwa nimekupoteza. “Here” nayo haigeuki kuwa “there” ikiwa mimi nimesimama palepale. Mtihani unaotaja siku ya taarifa unakupima hilo hasa, basi soma maelekezo yake kabla ya kulifungua jedwali.

Nje ya mtihani, kumbuka pia kwamba kutaarifu si lazima kuyabeba maneno yote. “I'm sorry I'm late” inaweza kuwa “He apologised for being late”. “I didn't break it” inaweza kuwa “She denied breaking it”. Vitenzi kama “promise”, “refuse” na “warn” huokoa maneno mengi, mradi ujue kila kimoja hufuatwa na nini.

Msomaji wa Jioni

Nawashukuru sana. Suala la “-na-” limenifungua macho. Naomba mnipimie jaribio hili. Kauli halisi ni: “I must finish this work today. Don't wait for me,” my sister said. Nami nimeandika: “My sister said that she must finish that work that day and told me not to wait for her.” Nina wasiwasi na “must”, kwa sababu katika jedwali langu imeandikwa kuwa “had to”.

Daftari Jekundu

Sehemu ya pili imekaa sawa. Katika ya kwanza, “had to” ndiyo inayotarajiwa zaidi, kwa sababu dada yako alikuwa anazungumzia wajibu uliomkabili: “My sister said that she had to finish that work that day and told me not to wait for her.” Lakini “must” yako si kosa, kwani kitenzi hiki huruhusiwa kubaki kilivyo baada ya kitenzi cha kutaarifu kilichopita.

Jedwali lako linapoteleza ni pale “must” isipohusu wajibu. Mtu akikuona umechoka akasema “You must be hungry”, hakulazimishi kuwa na njaa, anakisia. Hapo utaandika “He said that I must be hungry”, na ukiweka “had to be” utakuwa umeibadilisha maana.

Mwanalugha

Ni sahihi. Angalia pia “that work” ukishatoka katika mtihani: kama kazi yenyewe mnaijua na iko mbele yenu, “the work” au hata “this work” hufaa zaidi. “That” ya jedwali huchukulia kwamba mtoa taarifa yuko mbali na jambo.