Padi atengeneze yeye, kucheza wacheze wao?

Wakuu, leo nimekereka, mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa redio na simu, Chang'ombe hapa Dodoma. Binti yangu yuko kidato cha pili. Akitoka shule anakaa nami mezani, na kuchomelea waya anamshinda kijana niliyemwajiri. Wiki iliyopita jirani mwenye kibanda cha gemu kaleta padi mbili, vile vidude vya kushika mkononi vya kuchezea gemu, zimekufa vitufe. Kazifungua binti, kazisafisha, kaunga waya, zikapona. Jumamosi akaenda na mia tano yake acheze. Wakamwambia akae pembeni, eti mtoto wa kike kazi yake kusubiri kuokolewa. Kibanda kizima kicheko. Na mwenye kibanda naye anacheka, mkononi kashika padi ile ile!

Hilo neno hawakulitunga wao. Limo kwenye gemu tangu Donkey Kong ya 1981: mwanamke katekwa, mwanamume anapanda ngazi kumfuata. 1985 gemu ya Mario nayo, binti mfalme kafungiwa ngomeni. Zile za kupigana ndiyo usiseme, mwanamume deraya hadi kidevuni, dada kavaa kama yuko ufukweni. (Dodoma yenyewe bahari hatuna.) Dogo wa miaka 10 akishinda humo likizo nzima, dada yake atamwonaje?

Halafu wajuaji wenyewe hawajui kitu. River Raid ya 1982, ile ndege inayofuata mto, kaiunda mwanamke, Carol Shaw. Metroid ya 1986 ukiimaliza upesi, shujaa anavua deraya, kumbe ni mwanamke. Watu wamepiga risasi gemu zima wakidhani ni dume mwenzao.

Nikasema basi, shuleni kuna nafuu. Jumatatu karudi kanuna: mwalimu kamshauri mwakani aachane na fizikia, itamchosha bure, yeye ana mwandiko mzuri. Mwandiko! Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana ndaki nzima ya kompyuta, nauli ya daladala tu kutoka hapa, mwanangu anapangiwa maisha kwa mwandiko.

Jana usiku kaniuliza, "Baba, fizikia nikiiacha, mezani kwako bado nitakaa?" Nilikosa la kusema, nikajifanya natafuta bisibisi.

Jirani, najua humu unapita. Ile padi ya tatu uliyoiacha jana, njoo uichukue. Fundi wake amekaa pembeni.