Tupeane uzoefu: michezo ya mashujaa ya mezani ya enzi zile (kila mtu anaigiza shujaa wake, dadu zinaamua), nini hutakisahau?

Dadu_Mbili:
Wakuu, napanga kabati nakutana na jedwali la rangi la Marvel Super Heroes, lile la kampuni ya TSR la 1984. Si lenyewe, ni fotokopi. Mashine tuliyoipata ilitoa nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo kijani, njano na nyekundu zote zikatoka kijivu, na mchezo mzima uko kwenye hizo rangi! Unatupa dadu, jedwali linakupa rangi: nyeupe umekosa, kijani na njano umepata, nyekundu ndiyo kubwa kuliko zote. Tukapaka penseli za rangi, kiboksi kwa kiboksi. Nyekundu ikaisha kabla hatujafika safu za mwisho kulia, tukamalizia na ya waridi. Mpaka kikundi kinavunjika, shujaa mwenye nguvu za kutisha alikuwa hapati nyekundu, anapata waridi.
Leteni zenu. Hasa ile siku mbaya kuliko zote.

mjukuu_wa_jaji:
Umenikumbusha mbali mkuu. FASERIP! Herufi za kwanza za sifa za shujaa kwa Kiingereza, niamshe usiku wa manane nitakutajia zote saba.

Segmenti_ya_12:
Nyie wa Marvel mlikuwa mnadekezwa. Sisi tulikuwa Champions, ya 1981. Hakuna kubahatisha, shujaa unamjenga kwa pointi na kila kitu kina bei yake. Ukitaka pointi za ziada unajitwisha matatizo: adui anayekuwinda, siri, ndugu anayeingia hatarini. Mimi nilichukua shangazi, 14 au chini, yaani kila kikao dadu zikitoa 14 au chini yuko hatarini. Wanaozijua dadu tatu za pande sita wameshacheka. Shangazi alikuwa anaingia matatani karibu kila kikao. Ametekwa, amefungwa kwenye roketi, ameolewa na jambazi mkuu. Ile ndoa ilidumu kuliko kikundi chetu.

Bi_Kinyago:
Shangazi apewe karatasi yake ya mhusika jamani 😂

Komredi_Pointi:
Na spidi hujaisema. Zamu ina sekunde 12. Mwenye spidi 6 anacheza kila sekunde ya shufwa, mwenye spidi 3 anasubiri ya 4, ya 8 na ya 12, basi. Mwenzetu alijenga jitu la mawe lenye spidi 3, akawa anakuja na riwaya. Unamgusa bega, "zamu yako", anasema "nampiga", anatupa dadu, anafungua ukurasa. Eti mfumo wa haki.

Segmenti_ya_12:
Jitu la mawe likikupiga mara moja tu unalala. Haki iko hapo.

Komredi_Pointi:
Likikupata!

Moto_Baridi:
Naona mnataniana, ngoja niwape kisa chenyewe.
Marvel, lile toleo la Advanced la 1986. Kikundi chetu kilikuwa na mfuko mmoja wa karma, zile pointi unazopata kwa kutenda mema na kuzitumia kuongeza namba ya dadu. Tuliweka kidogo kidogo, hakuna aliyegusa, tukilenga pambano la mwisho na jambazi tuliyembatiza Daktari Kutu. Siku imefika. Juu ya paa, mtambo unaunguruma, Daktari yuko hoi, amebakiza afya ya kuhesabu kwa vidole. Kazi iliyobaki ni kumfunga tu. Mwenzetu mmoja mwenye miale anasema, "Nampiga mwale mmoja, wa kumtisha."
Jaji, yaani anayeendesha mchezo, akaweka kalamu chini. Akamwambia taratibu: miale ni shambulio la nishati, nyekundu pale maana yake ni kuua, una uhakika? Jamaa akajibu, "Nyekundu itoke wapi?" Karma inatangazwa kabla ya kutupa, na yeye hakutangaza kitu. Akatupa zile dadu mbili za pande kumi.
Sifuri, sifuri. Yaani mia, nyekundu.
Jaji akamtupia Daktari Kutu kuona kama atapona. Nyeupe. Akawa anaishiwa nguvu raundi baada ya raundi, mpaka akafa.
Mnajua sheria, shujaa akiua karma yake yote imekwenda. Jaji akachukua ufutio akafuta karatasi ya mfuko, yote, mpaka karatasi ikachanika. Jamaa akaanza kujitetea kwamba Daktari Kutu alikuwa roboti. Roboti! Tulishakunywa chai kwa mama yake kwenye kikao cha nyuma. Tukapiga kura tumkabidhi polisi, akatoroka, na kikao kilichofuata akaja kama jambazi, ana karatasi mpya na vazi jeusi. Hadi leo yeye na jaji hawakai meza moja.

Bi_Kinyago:
Nimeisoma mara mbili.

mjukuu_wa_jaji:
Pole, lakini jaji wenu aliwaonea. Aliyeua ni mmoja, mfuko wa wengine unaguswaje?

Moto_Baridi:
Ukishaweka mfukoni si yako tena. Ndiyo maana ya mfuko.

mjukuu_wa_jaji:
Kwa hiyo mimi nikaokoe watoto kwenye moto, wewe uue, wote tufilisike? Hapana.

Komredi_Pointi:
Ndiyo maana sisi tulihesabu pointi zetu wenyewe 😎

Kofia_ya_Chuma:
Swali langu moja tu. Mama yake aliambiwa?

Bi_Kinyago:
Mnalia karma, hamjacheza Villains and Vigilantes. Jeff Dee na Jack Herman, 1979. Pale shujaa ni wewe mwenyewe, mwili wako, akili zako, dadu zinakupa vipaji na udhaifu tu. Sasa akili zako anakadiria nani? Hao hao mliokaa nao mezani. Walinipa 9, chini ya wastani. Na aliyetaja 9 ndiye aliyekuwa ananiletea karatasi nimpigie hesabu ya uzito anaoweza kubeba, ile yenye kipeo cha tatu. Nilimpigia. Nilimwachia kubeba paka.

Kofia_ya_Chuma:
DC Heroes ya kampuni ya Mayfair, 1985, ndiyo ilikuwa na hesabu tamu. Kila pointi ni mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo 10 ni mara 1,024 ya sifuri, na mwanajeshi na mtu anayesukuma sayari wanakaa kwenye jedwali moja. Dadu zikifanana unajumlisha na kutupa tena. Nilimwona mtu anapata nane-nane, kumi-kumi, amesimama juu ya kiti anashangilia, anatupa tena: moja-moja. Moja-moja inafuta yote. Akashuka kwenye kiti.

Msomaji_Kimya:
Wakuu nataka kuwafundisha wanangu, nianzie wapi?

mjukuu_wa_jaji:
Marvel. Jedwali moja, rangi nne, robo saa wanacheza.

Segmenti_ya_12:
Champions. Watapata na hesabu za bure.

Komredi_Pointi:
Usimsikilize. Watakuchukia, na hesabu watazichukia.

Kofia_ya_Chuma:
Mutants & Masterminds ya 2002, dadu moja ya pande 20. Hawa wazee wanakupoteza.

Bi_Kinyago:
V&V, kama unataka wasiongeleshane mpaka likizo ijayo.

Dadu_Mbili:
Ila Moto_Baridi, huyo jamaa wa miale hayumo humu kweli?

Sifuri_Sifuri:
Alikuwa roboti.