Kriketi kwenye jua la kaskazi: mliosimama fildi saa sita mchana, tupeane uzoefu

Nahodha wa Jumapili (Dar)

Wakuu, salaam. Nacheza kriketi ya wikiendi hapa Dar. Timu yetu ni ya watu wenye kazi zao: madereva, walimu, wauza duka, wanafunzi wawili. Hatuna daktari wala kocha wa kulipwa, na hela ya maji tunachangishana. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea Februari, na bado linaninyima usingizi.

Ilikuwa mechi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja). Tulipaswa kuanza saa tatu, ila mkeka ukachelewa (uwanja wetu hauna pitchi ya nyasi, tunatandika mkeka wa makumbi katikati na kuupigilia misumari). Tukaanza saa tano na nusu. Kura nikapoteza, tukaingia fildi, yaani sisi wa kurusha na kudaka, wao wa kupiga.

Tuna kijana wa chuo, mrushaji wa kasi. Ova mbili za kwanza akaangusha wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili, nami nikanogewa. Nikampa na mbili zilizobaki za mgao wake bila kumpumzisha. Mnajua mchezo ulivyo: ova ikiisha upande huu, inayofuata anarusha mwingine kutoka upande wa pili, basi tunasema mrushaji anapumzika. Anapumzikia wapi? Nilimweka mpakani, ukingoni mwa uwanja, upande usio na mti hata mmoja, mbali na ndoo ya maji. Akimaliza kurusha anakwenda kufukuzia mipira, kisha anarudi tena kurusha.

Ova ya nne, mpira wa tatu ulimponyoka, ukapita juu ya kichwa cha mpigaji. Nikadhani ni jasho la mkono. Mpira wa nne hakuurusha. Alisimama pale anapoanzia mbio zake, akaniuliza, "Kaka, sisi tunacheza na nani leo?" Nilipomshika bega, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa.

Tulimbeba hadi kivulini. Mzee anayetunza uwanja ndiye aliyejua la kufanya. Alileta barafu kutoka kwenye boksi la soda, akamwekea kwapani, shingoni na kwenye kinena, akammwagia maji mwili mzima, akatuamuru tumpepee kwa maboksi bila kuacha. Kisha bajaji, hospitali. Alilazwa usiku mmoja. Yuko salama, ameruhusiwa kurudi mazoezini taratibu. Wapinzani wetu ndio waliosema mechi isimame, na nawashukuru mpaka leo.

Naomba mliocheza kwenye joto, popote mlipo, mseme timu zenu zinafanyaje. Si ya vitabuni, yale mliyoyafanya wenyewe.

Nesi Mstaafu

Pole sana, mkuu. Mtu anayecheza juani akianza kuongea yasiyoeleweka, usisubiri hata dakika moja, awe mkavu au bado anatoka jasho. Mpoze hapohapo huku usafiri unatafutwa. Na asinyweshwe maji kama fahamu zimemtoka, atapaliwa. Huyo mzee mpeni zawadi.

Glavu Mbili (Mombasa)

Pole ndugu yangu. Mimi ni mlinda wiketi, yule anayechuchumaa na glavu nyuma ya mpigaji. Mchezo huu niliupenda mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Siku Asif Karim, mwana wa hapahapa Mombasa, alipowarushia Australia ova nane na mipira miwili kwa mikimbio (alama) 7 tu na kuchukua wiketi 3, marehemu baba alikuwa ananihesabia kwa vidole mbele ya televisheni.

Nina kisa cha Januari moja. Walitujia wageni kutoka Nairobi, vijana wazuri, wepesi kutushinda. Walishinda kura wakachagua fildi. Nairobi iko juu, hewa kavu, jasho likitoka linakauka na mwili unapoa. Huku kwetu hewa imejaa maji, jasho linatiririka tu, halikauki, na mwili unabaki na joto lake. Kufika ova ya kumi na mbili walikuwa wameshika magoti. Nahodha wetu akatuambia tusitafute mipira mirefu, tukimbie mikimbio miwili kila panapowezekana. Tukawakimbiza. Tulishinda, lakini wakati wa mapumziko tuliwaona wawili wakitapika nyuma ya banda, na ushindi ule sikuufurahia. Tulikwenda kuwanunulia madafu, tukakaa nao.

Tangu hapo kwetu maji husimamisha mchezo kila baada ya ova tano, mgeni akitaka asitake, na tunakubaliana kabla ya kura. Maji matupu hayatoshi. Kwenye mechi ya ova 20 mimi nachuchumaa mara 120 na zaidi. Nikinywa maji peke yake, misuli ya paja inanikaza ova ya kumi na tano. Mke wangu hunichanganyia lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anakamulia ndimu. Glavu za ndani nabeba jozi tatu, moja mkononi, mbili zinaanikwa uzioni.

Mtu wa Seeb (Oman)

Assalaam alaykum. Sisi huku kiangazi mchana hatuthubutu. Juni mpaka Agosti serikali inakataza kazi za nje saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu, sembuse mchezo. Ijumaa tunaanza kukishapambazuka tu, baada ya swala ya alfajiri, kwenye kiwanja cha changarawe, mpira wa tenisi uliozungushwa utepe wa umeme, na saa mbili na nusu kila mtu kwao. Wenzangu wengi ni Wapakistani na Wabangladesh wanaoshinda juani wiki nzima. Nahodha wetu, dereva wa lori, ana neno moja: asiyekunywa harushi.

Mwana Tanga (Leicester)

Nyongeza kutoka Uingereza. Julai 2022, Jumapili ya tarehe 17, siku mbili kabla ya kijiji cha Coningsby kupimwa joto la nyuzi 40.3. Nyasi zilikuwa zimegeuka manjano, mpira ukipita mdakaji hausimami mpaka mpakani, kwa hiyo kila kosa ni mbio ndefu. Nilijiambia mimi mtoto wa Tanga, joto la huku litanifanya nini? Nilikuwa nimeshakaa miaka tisa kwenye baridi na mwili ulikwishasahau. Nilipata kizunguzungu kabla ya Mwingereza yeyote. Mwamuzi, mzee wa miaka sabini hivi, ndiye aliyeniona nikiyumba akanitoa. Wakati wa chai mikate haikuguswa, tikiti maji liliisha lote. Kwa hiyo, nahodha, usiangalie mtu katoka wapi. Uliza mara ya mwisho alicheza kwenye joto lini.

Dada wa Daftari (Arusha)

Mimi ndiye mwandika matokeo wa timu yetu. Nakaa kivulini na daftari, nawaona wote kumi na mmoja, wakati nahodha anaangalia mpira tu. Pembeni ya majina nimechora safu yangu: kila anayekunywa namwekea nukta. Ova tano zikipita bila nukta, nainua kitambaa cha njano na mwamuzi anajua. Mrushaji wa kasi tunamweka mpakani mbele ya meza yangu, chupa yake iko chini ya kiti changu.

Nahodha wa Jumapili (Dar)

Dada, hili la safu ya nukta nimelichukua leo hii. Nimeongea na mwandishi wetu, amekubali. Tumehamisha meza yake upande wa mwembe, na mrushaji atasimama hapo. Mkeka unalala kwangu Jumamosi ili saa moja uwe umeshatandikwa. Kijana ameniomba arushe ova mbili Jumapili ijayo. Nimemwambia moja, kisha tutaangalia daftari.