Laini mitaani, faiba mlango kwa mlango, au mikataba ya maofisi: wakala anayejitegemea aanzie wapi?

Kiatu cha Pili

Wakuu, habari za kutwa.

Nimeacha kazi ya duka la simu baada ya miaka minne na sasa nataka kusimama mwenyewe kama wakala wa mauzo ya mawasiliano. Mji ni mkubwa, wateja wapo. Sitakuwa mwajiriwa wa mtu: hakuna mshahara, ni kamisheni tu, na nauli inatoka mfukoni mwangu. Nimeongea na mawakala wakuu watatu, na kila mmoja ana lake.

Wa kwanza ananipa laini za malipo ya kabla. Nasimama penye watu, nasajili, mteja anaweka vocha, kamisheni ndogo inaingia siku hiyo hiyo. Wa pili ana intaneti ya faiba ya majumbani: nagonga milango, na mteja akifungiwa ruta nyumbani kwake napata mkupuo mmoja mnono. Wa tatu anauza laini na intaneti kwa maofisi, mikataba ya mwaka mmoja hadi miwili. Huko mauzo yanachelewa, lakini kila mteja anapolipa bili ya mwezi na mimi napata kidogo changu.

Kwenye karatasi faiba inalipa kuliko zote. Akiba yangu ni ya miezi mitatu, na nyumbani nina mke na mtoto. Waliopita huko naomba mniambie ukweli wake, sitaki kubahatisha.

Mama Usajili

Karibu mdogo wangu. Mimi niko kwenye laini mwaka wa saba sasa, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Raha ya laini ni kwamba hulali njaa. Unatoka asubuhi huna kitu, unarudi jioni una cha kununulia mboga. Kwa mwenye mtoto hilo si jambo dogo. Ila usihesabu laini ulizosajili, hesabu zinazopumua. Kampuni inataka laini inayopiga, inayonunua bando, inayoongezwa salio mwezi wa pili na wa tatu. Ukisajili hamsini, halafu arobaini zikawa za watu waliotaka bando la bure la kuanzia, zinalala, na asilimia yako kwenye salio la miezi inayofuata huioni. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza daftari zima majina ya watu ambao hawakuongeza salio hata mara moja. Nikaacha kusimama stendi ambako watu wanapita tu, nikahamia karibu na watu wanaofanya kazi sehemu moja kila siku: wachuuzi, mafundi, wauguzi wanaotoka zamu. Hao wakipata tatizo wanajua pa kunikuta, na wakiridhika wanamleta jirani.

La pili nakuomba ulishike. Usisajili laini kwa kitambulisho cha mtu ambaye hayupo mbele yako, hata akikuomba ndugu yako. Na neno lako la siri la usajili asilijue mtu. Niliwahi kumwachia mwenzangu simu ya kazi niende msalani. Wiki mbili baadaye naitwa kueleza kwa nini namba ya mteja imehamishiwa laini nyingine kupitia akaunti yangu, na pesa zake zimetolewa. Nilisimamishwa miezi miwili mpaka ilipothibitika sikuwa mimi. Miezi miwili bila hata senti.

Na jua kwamba ile kadi yenyewe haitakaa milele. eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu bila kadi, za simu za kawaida zilipata viwango vyake 2016, na 2022 iPhone 14 zilizouzwa Marekani zilitoka bila hata tundu la kuwekea laini. Pole pole mtu ataanza kujisajili mwenyewe kitandani. Bado tuna muda, lakini usijenge nyumba yote hapo.

Ngazi Kumi na Mbili

Kiatu cha Pili, mimi ndiye yule uliyetaka kuwa. Nilisoma karatasi kama uliyoisoma wewe, nikaona mkupuo, nikaruka.

Nikupe hesabu. Chukulia kifurushi cha mwezi cha mteja ni 100, na kamisheni yangu kwa kila nyumba iliyofungiwa ilikuwa 150. Mwezi wa kwanza nilifunga nyumba 20. Nikapata 3,000, nikaona nimefika. Nikanunua pikipiki kwa mkopo. Mwezi wa pili sikuuza sana, nilikuwa nafuatilia malalamiko. Mwezi wa tatu nimeuza 9, natarajia 1,350. Taarifa ya malipo inaingia, nakuta mistari saba yenye alama ya kutoa. Wateja saba wa ule mwezi wa kwanza walikuwa wameacha kulipa kabla ya siku 90, na mkataba niliousaini unasema wakiondoka ndani ya muda huo kamisheni yote inarudi. 1,050 ikaondoka. Nikabaki na 300 na deni la pikipiki.

Niliusoma ule mkataba tena usiku ule nimekaa kwenye ngazi za jengo. Kifungu kilikuwemo. Ukurasa wa nne, maandishi yale yale ya kawaida. Sikudhulumiwa, ila hakuna aliyenionyesha, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo swali lako la ipi inalipa zaidi nakuomba ulibadilishe. Uliza: hii pesa itakuwa yangu kabisa lini? Ya Mama Usajili ni ndogo lakini ikiingia imeingia. Ya faiba ukiipokea ichukulie kama amana mpaka siku 90 zipite. Ningeweka nusu yake pembeni tangu mwanzo ningeokoka.

Fundi wa Nguzo

Naomba niongeze upande wa ufundi maana wateja saba wa Ngazi hawakuondoka bure. Mimi ndiye naitwa wakishakasirika.

Wateja wengi wanaoacha ndani ya miezi mitatu waya wao hauna tatizo. Wameahidiwa kitu wasichokielewa. Mfano, mteja ananunua 40 Mbps, anapakua faili, anaona 5 kwenye kioo, anapiga kelele kwamba ameibiwa sehemu saba kati ya nane. Hajaibiwa. Tunauza kwa megabiti, kompyuta yake inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Arobaini gawanya kwa nane ni tano. Wakala akimweleza hilo mlangoni kwa dakika moja, mimi sipigiwi simu.

Kingine ni pale inapokaa ruta. Wiki iliyopita nimeitwa nyumba intaneti "haifiki chumbani". Nakuta ruta imefungiwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya televisheni, kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi taa zake usiku. Nikaitoa, nikaiweka juu ya rafu ya korido, nikaziba taa kwa kipande cha gundi ya karatasi. Basi. Masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz yana kasi lakini kuta zinayachosha haraka, yale ya 2.4 yanapenya zaidi ila yanajaa majirani. Chagua mahali pa ruta na mteja siku ya kusaini, usimwachie fundi mwenye haraka.

Na usiogope mteja akikwambia faiba ya jengo moja wanagawana. Ni kweli wanagawana. Teknolojia ya GPON iliyoenea inashusha karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa uzi mmoja, na kisanduku kinaugawa kwa nyumba 32 au 64. Hata nyumba 32 zote zikivuta kwa pamoja, kila moja inabaki na karibu 78 Mbps. Zikiwa 64 ni kama 39. Kwa hiyo kabla ya kuahidi mtu 100 Mbps za saa zote, uliza jengo hilo limegawanywa kwa ngapi na limejaa kiasi gani. Mawakala hawaulizi. Wanauza tu.

Bado Barabarani

Msimtishe kijana. Mimi nina miaka mitano kwenye faiba na watoto wanasoma. Kinachowaangusha wengi ni kuuza kwa yeyote anayefungua mlango. Mpangaji anayehama mwezi ujao usimuuzie. Muulize ana muda gani hapo na anapanga kukaa mpaka lini. Ukiona anasita, mshukuru, panda ghorofa inayofuata.

Mhasibu wa Usiku

Ngazi, pole sana kaka. Nataka kueleza kwa nini kampuni zinakaza hivyo, maana ukilijua utasoma mkataba kwa jicho lingine.

Kamisheni anayolipwa wakala kwa kumleta mteja wa mkataba haiandikwi kama gharama ya siku moja. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 15, kilichoanza kutumika 1 Januari 2018, gharama hiyo inawekwa vitabuni kama mali, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kadiri mteja anavyohudumiwa. Isipokuwa pale kipindi hicho hakizidi mwaka mmoja, hapo wanaruhusiwa kuimaliza mara moja. Maana yake, mteja akikimbia mwezi wa pili, kule ofisini kuna mali imekufa ghafla na mtu anatakiwa kuieleza. Nanyi ndio mnaokatwa.

Pia kuna sheria za kumlinda mteja, nazo zinagusa moja kwa moja kazi ya mlangoni. Kwenye Umoja wa Ulaya mteja aliyeuziwa nje ya duka ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na asipoelezwa haki hiyo, muda unaweza kuongezeka kwa miezi 12. Marekani ni siku 3 za kazi kwa mauzo mengi ya mlangoni. Kila mtu aulize ya kwake ikoje, halafu aihesabu humo humo kwenye siku zake za kusubiri. Mteja aliyesaini jana bado si mteja.

Ukipewa mkataba, Kiatu, tafuta mambo haya kabla ya kiwango cha kamisheni: kipindi cha kurejesha ni siku ngapi, wanarejesha yote au kwa uwiano wa siku alizokaa mteja, na ukiacha kazi, malipo ya kila mwezi ya wateja uliowaleta yanaendelea au yanakufa siku hiyo? Hili la mwisho ndilo la Dada wa Mikataba, nadhani atakuja.

Dada wa Mikataba

Nimekuja, mhasibu.

Maofisi ni pazuri, ila miezi mitatu ya akiba haitoshi, nakwambia mapema. Mteja wangu wa kwanza ilikuwa ofisi ya watu 30. Kutoka siku niliyoacha kadi mapokezi mpaka bili ya kwanza kulipwa ilikuwa miezi mitano. Walikuwa na mkataba na mtoa huduma mwingine unaoisha baadaye, meneja akaenda likizo, mtu wa kompyuta akataka majaribio, mhasibu akataka nukuu iandikwe upya. Kila hatua ni kusubiri na kupiga simu bila kumchosha mtu.

Lakini nikwambie kinachonibakiza. Mwaka wa tatu niliugua, nikalala wiki sita. Malipo yaliingia kila mwezi kama kawaida kwa sababu wateja walikuwa wanalipa bili. Hakuna meza ya mtaani wala mlango ungenifanyia hivyo.

Jicho langu huwa kwenye tarehe. Mikataba mingi ya maofisi inajirudisha yenyewe mteja asipotoa taarifa kabla ya muda fulani. Ukiingia ofisi usianze kuuza, uliza mkataba wao unaisha lini na taarifa inatakiwa kabla ya siku ngapi. Andika. Rudi siku hiyo. Nina daftari la tarehe tu, na ndiyo mali yangu kubwa kuliko hata namba za simu.

Na swali la mhasibu lina uzito. Wakala mkuu wangu wa zamani alikuwa na kifungu kwamba nikiondoka malipo yote yanakoma. Niliondoka na wateja 11 niliowatafuta kwa miguu yangu, nikabaki sina hata mmoja. Aliyefuata niligoma kusaini mpaka akaandika miezi 24 baada ya kuondoka. Ukiomba kabla ya kusaini wanakusikiliza. Ukiomba baadaye hawapokei hata simu.

Kiatu cha Pili

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu naye kasoma. Asanteni sana, dada zangu na kaka zangu.

Leo nilimpigia wa faiba, nikamuuliza yale ya mhasibu. Siku za kurejesha ni 120, na wanarejesha yote hata mteja akiondoka siku ya 119. Hakuna aliyenitajia. Wa maofisi alisema malipo yanaendelea miezi 6 baada ya kuondoka, nimemwomba 12 kwa maandishi, anasubiri mkubwa wake. Wa laini hana makato kabisa, ila laini isipoongezwa salio ndani ya siku 30 haihesabiwi kwenye ile asilimia.

Nafikiria asubuhi laini karibu na hospitali kama alivyosema Mama Usajili, mchana natembelea maofisi kuuliza tarehe tu. Faiba nayo niiache kabisa?

Ngazi Kumi na Mbili

Usiiache, iweke ya tatu. Ila mwambie akuandikie uwiano wa siku badala ya kurejesha yote. Akikataa, achana naye. Watoa faiba si mmoja.

Mama Usajili

Hospitali nenda saa moja kasoro asubuhi na saa moja jioni, zamu zinapobadilishana. Katikati ya siku hutampata mtu pale. Na beba chaji ya ziada, mashine ya alama za vidole inakula betri.

Fundi wa Nguzo

Ukipata jengo la faiba nitumie picha ya kisanduku cha chini ya ngazi, kifuniko kikiwa wazi na namba zinasomeka. Nitakwambia limegawanywa kwa ngapi kabla hujagonga mlango wa kwanza.