Kibarua wa bandarini Mtwara aliyepondwa vidole na kontena: je, ana haki ya fidia?

Dada wa Chikongola:
Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu ni kibarua wa kupakia makontena ya korosho hapa Mtwara. Msimu huu, kontena lilipokuwa linashushwa juu ya trela, aliamriwa alisawazishe kwa mkono ili pembe zake ziingie kwenye kufuli, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikapondwa. Mwajiri alilipia matibabu ya siku ya kwanza tu, kisha nyapara akamwambia kwamba kibarua asiye na mkataba wa maandishi hana fidia. Je, ni kweli? Ana mtoto mchanga, na riziki yake yote ni ya mikono.

Msaidizi wa sheria:
Pole sana, dada, na umfikishie mgonjwa pole zetu. Hilo si kweli hata kidogo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua mfanyakazi hata kama makubaliano yake na mwajiri yalikuwa ya mdomo, na wanaochangia Mfuko wa Fidia, yaani mfuko wa serikali unaowalipa walioumia kazini, ni waajiri, wala si vibarua. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali anapaswa kuifikisha kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Mfanyakazi akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24; ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari na kulipwa kwa hesabu yake. Mdogo wako asikubali kunyamazishwa mpaka mwaka upite, kwa sababu ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 huweza kumpotezea haki.

Mstaafu wa winchi:
Binti yangu, aliyetoa amri ile ndiye wa kuulizwa kwanza. Kontena tupu la futi 20 lina zaidi ya tani 2, na lililojaa korosho huwa zito mara kadhaa zaidi. Likiyumbishwa na kaskazi, ambao huvuma katika msimu huohuo wa korosho, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kulizuia. Mzigo unaoning'inia huongozwa kwa kamba ndefu, watu wakiwa wamesimama mbali, na mwendesha winchi akifuata ishara za mtu mmoja tu. Nimeona vijana wakiharakishwa kwa sababu malori yamepanga foleni, na jambo hilo linaniumiza mpaka leo.

Dada wa Chikongola:
Ahsanteni, baba na ndugu yangu. Tatizo ni kwamba ajali haikuandikwa popote, na hana hata karatasi ya ujira.

Msaidizi wa sheria:
Aandike barua ya taarifa leo, aipeleke kwa mwajiri na abaki na nakala iliyosainiwa. Wakikataa kusaini, aende nayo moja kwa moja kwenye Mfuko. Aambatanishe cheti cha hospitali, majina ya wenzake walioshuhudia, na ujumbe wa simu unaoonyesha jinsi alivyokuwa akilipwa ujira.